Mtaro Mbele ya Mlango Wetu

Jumatatu, 3 Aprili

Mume wangu amepata kazi. Nimeandika "mume wangu", kisha nikaweka kalamu chini ili niyatazame maneno hayo mawili yakiwa pamoja, jinsi yanavyopendeza. Karatasi za zawadi za harusi bado zimejaa chini ya kitanda, na tayari tuna mshahara.

Kazi yenyewe iko mlangoni petu. Serikali ya jimbo imetoa fedha za kujenga mtaro mkubwa wa maji ya mvua, kutoka barabara ya juu hadi bondeni, na utapita mbele ya nyumba zote za mtaa huu. Kibao kimesimikwa kwenye kona, kina nembo ya serikali na maandishi ya bluu, na watu wanakwenda kukisoma kama wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Kila masika maji ya mji mzima huteremkia kwetu, yakaingia ndani na kulala vitandani kabla ya wenyewe. Mama mkwe anasema waliahidiwa mtaro huu mume wangu akiwa bado ananyonya.

Atachimba kwanza, na wakifika kwenye zege atafanya kazi ya ufundi. Nitamwona dirishani kutwa. Ni mke gani mwingine ana bahati hii?

Alhamisi, 6 Aprili

Wenzake wamembandika jina la Bwana Harusi. Mimi wananiita shemeji, na kila nikipita mmoja hujifanya amepofuka kwa uzuri wangu. Mchokozi zaidi ni yule wanayemwita Mrefu.

Msimamizi wao anaitwa Tarehe, kwa sababu asubuhi hasalimu mtu, anataja tarehe. Mume wangu amenieleza kisa chake. Fedha hizi ni za mwaka huu wa fedha, nao unafungwa mwisho wa Juni. Sehemu ambayo itakuwa haijajengwa siku hiyo, fedha yake inarudi hazina ya jimbo, na mwakani huenda ikapewa mtaa mwingine. Zilichelewa kufika, ndiyo maana wanaanza kuchimba mawingu yakiwa yanajikusanya.

Nampenda Tarehe. Alikuja harusini kwetu akacheza mpaka shati likamganda mgongoni.

Jumapili, 16 Aprili

Shimo limefika kwetu. Limempita mume wangu kimo, naye si mfupi. Jana nilifungua mlango nikakuta hatua mbili za ardhi, kisha hakuna kitu. Nilisimama pale na ndoo yangu nikiwa sijui niende wapi.

Akaniona. Akapotea chini kidogo, akarudi na ubao mpana, mzito, akaulaza kutoka kizingiti chetu hadi ng'ambo. Akaujaribu kwa kuruka juu yake, kisha akanyoosha mkono. Akasema, "Pita, malkia." Wenzake wakapiga makofi kule shimoni. Mrefu akauliza kama yeye naye akioa atapewa daraja au ni kwa ajili ya wanaopendwa tu.

Nimepita juu ya ubao ule mara nyingi leo bila haja yoyote ya kwenda upande wa pili.

Jumanne, 18 Aprili

Sasa kila mlango unataka ubao. Tarehe amekubali. Mume wangu anasema tumeanzisha fasheni.

Jumatano, 26 Aprili

Mvua ya kwanza ya kweli. Ilianza wakati naanika nguo, na nilipomaliza kuzianua tena nilikuwa nimelowa kuliko nguo zenyewe.

Kutoka dirishani simwoni tena. Naona shimo, naona udongo ukirushwa juu, koleo baada ya koleo, na siwezi kujua koleo lipi ni lake. Alipokuja kula nilimwambia. Akacheka, akasema atakuwa anapiga mluzi. Mchana kutwa akapiga, ule wimbo aliokuwa akiupiga akipita nyumbani kwetu kabla hajaniposa. Nilikuwa nikipika na nikiusikia, moyo ukawa mtamu kama zamani. Kisha mvua ikaongezeka, ikapiga mabati, nikawa siusikii. Nilizima jiko. Nilitoka nje bila viatu.

Alikuwepo. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu akimcheka Mrefu. Akanitazama akashangaa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake, naye bila viatu.

Alhamisi, 27 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 28 Aprili

Mvua. Mluzi, mvua, mluzi.

Jumatano, 3 Mei

Leo nimeuliza swali dogo na sasa siwezi kula.

Mvua ilikatika, jua likatoka, nikaenda kusimama juu ya ubao wangu nimtazame. Kwenye ukuta wa shimo, upande wa nyumba yetu, udongo umetoa tumbo. Umevimba kama mjamzito wa miezi minane. Hatua chache kutoka pale kuna mbao zimesimamishwa ukutani na mirunda imekazwa katikati kuzisukuma huku na huku, na pale ukuta umenyooka. Kwetu ni udongo mtupu. Jioni nikamwuliza kwa nini.

Akasema, "Si upo juu yake, mpenzi?"

Nilidhani ni moja ya maneno yake ya mapenzi. Akanieleza huku akitafuna. Mbao zililetwa kwa hesabu ya kuta, hakuna aliyekumbuka kwamba watu wana milango. Ubao wangu aliutoa ukutani. Za majirani nazo zilitoka ukutani. Wangefanya nini, watu waruke shimo kama vyura? Wakati ule udongo ulikuwa mkavu na mgumu kama tofali, ungeweza kuupiga kichwa. Nikamwambia sasa si mkavu. Akanishika shavu akasema nina macho mazuri nikiogopa.

Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nimeuondoa mkono wake.

Alhamisi, 4 Mei

Nimeuburuta ubao wangu mwenyewe hadi ukingoni, nikamwita Tarehe, nikamwambia naurudisha. Akaushukuru moyo wangu, akasema ubao mmoja haushiki ukuta, zinahitajika zote.

Nikaenda kwa majirani. Nilianza kwa fundi cherehani, mama wa nyumba ya mwisho kule bondeni, kwa sababu ubao wake ndio mrefu kuliko wote na watu wanamsikiliza. Alinisikiliza bila kusimamisha mashine. Masika yaliyopita mashine yake ilizama, akakaa miezi akishona kwa mkono. Kisha akasema, "Bibi harusi, wewe una mume wa kukubeba. Mimi wateja wangu nitawabeba mgongoni?" Wanawake waliokuwa wakisubiri nguo zao wakacheka, na mmoja akasema ndoa changa inatia wivu hadi kwa mbao.

Nilirudi nyumbani nikizungukia barabara ya juu, kwani sina tena daraja. Alipofika mume wangu aliniwekea ubao mwingine. Sikumwuliza ameutoa wapi.

Jumatatu, 8 Mei

Mvua usiku kucha. Asubuhi kipande cha ukingo kilikuwa kimeanguka chenyewe karibu na kibao cha serikali, udongo wa kujaza mkokoteni hivi. Hakukuwa na mtu. Tarehe alitaja tarehe akawaambia waanze kukizoa.

Ijumaa, 12 Mei

Siku nzuri. Hakuna mvua. Mluzi kutwa. Nimepika, nimejipaka mafuta, nimejiambia mimi ni mjinga.

Jumatano, 17 Mei

Nataka kuandika hili kama lilivyotokea, hata kama sitalisoma tena.

Jana Tarehe alipita nyumba kwa nyumba. Alisema mkaguzi kutoka serikali ya jimbo anakuja, na ataongea na wananchi. Hakutisha mtu. Alisema tu kwamba mkaguzi akiandika kuna tatizo, kazi inasimama mpaka kikao kikae, na vikao vya jimbo tunavijua. Juni inaisha na mtaro uko nusu, yaani shimo. Shimo ndilo tutakalobaki nalo masika yajayo.

Mkaguzi alikuja leo, kijana mpole mwenye buti safi. Kwa bahati hapakuwa na mvua, na asubuhi Tarehe alikuwa amekusanya mbao na kuzipanga vizuri ukutani pale ambapo gari lingesimama. Mkaguzi akatuuliza tuliokusanyika kama kuna lolote linalotusumbua. Fundi cherehani akasema kinachotusumbua ni hamu tu. Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha macho yake yakanifikia, labda kwa sababu sikucheka. Akaniuliza, "Na wewe, dada?"

Nikafungua mdomo. Mume wangu alikuwa nyuma yake, matope hadi kiunoni, ananiangalia. Hakunikonyeza wala hakukunja uso. Alikuwa ananiomba tu. Majirani wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikasema, "Hapana, kaka. Tunashukuru."

Jioni watu walinipa mikono kama nimefaulu mtihani. Fundi cherehani alinishika bega, akaniita mwanangu. Nilikwenda chooni nikalia huko.

Jumapili, 21 Mei

Leo hawakufanya kazi. Tumelala mpaka jua likawa juu. Nimeweka kichwa kifuani pake, nikasikiliza moyo wake ukipiga, na badala ya kufurahi nilikuwa nausubiri kila pigo.

Alhamisi, 25 Mei

Mvua. Tumbo la ukuta limeshuka chini. Nimemwonyesha. Amesema wakifika mwisho wa wiki watamwaga zege kipande hiki na nitaacha kumsumbua.

Jumamosi, 27 Mei

Ilitokea jana. Sikuweza kuandika jana.

Nilikuwa naosha vyombo. Mvua ilikuwa nyepesi, mluzi nilikuwa nausikia. Kisha nikasikia sauti kama ya mtu mnene akikaa kwenye godoro. Haikuwa sauti kubwa. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaendelea kuisugua, nikasugua tena, ndipo nikatambua kwamba mluzi umekatika katikati ya wimbo.

Tumbo lilikuwa limepasuka. Ukuta wote wa upande wetu ulikuwa umelala ndani ya shimo, na ubao wangu umetumbukia juu yake. Mrefu alikuwa ametupwa pembeni, anapiga kelele. Mume wangu alikuwa amefukiwa hadi juu kidogo ya kifua, mkono mmoja nje, uso umegeukia kwangu. Alikuwa hai. Alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, na kila alipoitoa udongo ulikuwa unashuka kujaza nafasi, hivyo aliyofuata ilikuwa fupi zaidi.

Nilitaka kuruka. Mtu alinishika nguo kwa nyuma nikaanguka chali. Alikuwa Tarehe. Alisema nikikanyaga ukingo ule nitammalizia mwenyewe. Kisha akaruka yeye, kutoka pembeni ambapo ukingo ulikuwa bado mgumu, na viatu vyake vya kutembelea. Mrefu alikuwa ameinua sululu. Tarehe akamnyang'anya akaitupa, akaanza kuchimba kwa vidole, akiuondoa udongo kifuani pa mume wangu kama mtu anayefukua yai. Huku juu ya vichwa vyao ukuta uliobaki ulikuwa unadondosha vipande.

Ndipo nikasikia mbao. Kwanza ule wa fundi cherehani. Alikuwa ameuinua peke yake, mrefu vile, ameuweka kichwani, anakuja nao mbio kutoka bondeni mdomo wazi. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Mlango kwa mlango walizing'oa bila kuambiana neno, akina mama, wazee, wanafunzi wenye sare, kila mtu na ubao wa kwao, wakiwateremshia vibarua shimoni, nao wakazisimamisha ukutani na kuzikazia mirunda. Ukuta ukaacha kudondosha. Zilitosha. Zilikuwa zinatosha siku zote.

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya ubao mmoja waliouweka mbali kidogo na ukingo uliobomoka, kichwa kinachungulia. Sikuwa na la kufanya ila kumtazama. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Akasema kwa taabu, "Usiniangalie hivyo. Nitacheka, na nikicheka inaniuma."

Nikamtazama hivyo hivyo.

Walimtoa. Hospitali wamesema hakuna mfupa uliovunjika, mbavu zimeumia kwa ndani, apumzike wiki mbili. Mama mkwe alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, na tulipokuwa tunatoka alinishika mkono barabarani mbele za watu. Akaniambia kwamba siku ile ya mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yangu, naye alikuwa amefungua mdomo.

Jumanne, 30 Mei

Mkaguzi amerudi, safari hii bila buti safi. Kazi imesimamishwa. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala sikusubiri kuulizwa. Nilimweleza yote, mpaka ubao wangu ulivyoanza.

Ijumaa, 2 Juni

Yuko nyumbani. Nilikuwa nimeota jinsi nitakavyomkumbatia. Nilipomkumbatia alinisukuma kwa nguvu, akarudi nyuma hadi ukutani, anahema. Kisha akaniomba radhi akalia. Hawezi kubanwa kifuani, hata na shuka. Hawezi kufunga mlango wa bafu.

Tumelala tumeshikana vidole viwili. Nilidhani najua kupenda ni nini.

Jumanne, 6 Juni

Mvua kubwa. Maji yamelijaza lile shimo lililoishia nusu, yakapanda, yakaingia nyumba za bondeni. Tulimsikia fundi cherehani kabla hatujamwona. Alikuwa ameikumbatia mashine yake kifuani, maji magotini. Sisi tuko juu kidogo, kwa hiyo mashine sasa iko juu ya meza yetu, na mwenyewe amelala kwenye mkeka chini yake. Niliwahi kumchukia wiki kadhaa. Leo nimemfulia nguo.

Jumanne, 13 Juni

Tarehe amekuja, ameshika kofia mkononi. Amesema jimbo limeruhusu kazi iendelee, kwa masharti. Mbao zote ziwe ukutani, na awepo mtu juu, asiye na kazi nyingine yoyote ila kutazama ardhi na kuwatoa watu akiona ufa. Siku ya kufunga mwaka wa fedha haikusogezwa. Kimebaki kipande cha kutoka kwetu hadi bondeni kwa fundi cherehani, kizolewe udongo na kumwagwa zege. Watu wawili wamekwisha kukimbia kazi. Hana wachimbaji.

Hakumwomba mume wangu. Aliangalia sakafu tu.

Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumfukuza, na yalikuwa makali. Mume wangu akanitangulia. Alisema atarudi. Akanigeukia, akasema asiporudi shimoni sasa hataweza tena kuingia hata kwenye chumba chenye mlango, na hataki niishi na mume anayelala barazani. Alikuwa anatetemeka akisema hayo. Yule aliyenicheka kwa kuogopa alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Nikamwuliza Tarehe ni nani atakayekuwa mtu wa juu. Akasema hana mtu wa ziada, atatazama yeye huku akisimamia. Nikasema basi ni mimi. Tarehe akatabasamu, akamtazama mume wangu ili wacheke pamoja.

Mume wangu hakucheka. Akasema, "Akiwa yeye juu, nashuka."

Alhamisi, 15 Juni

Nimevaa kizibao cha njano kinachonifika magotini. Nimesimama ukingoni kutwa. Mbao zote ziko ukutani, watu wanazungukia barabara ya juu, watoto wanabebwa. Hakuna anayelalamika.

Miguu inaniuma. Sijui tena anga lina rangi gani, naangalia ardhi tu.

Jumamosi, 17 Juni

Mvua. Hakuna ufa.

Jumatatu, 19 Juni

Hakuna ufa. Nimeota nyufa.

Jumatano, 21 Juni

Leo mchana, mvua ikiwa nyembamba, niliona mstari ardhini, nyuma ya mbao, mbele ya nyumba ya fundi cherehani. Mwembamba kama uzi. Maji yalikuwa yanaingia ndani yake bila kujaa. Nilijiambia ni alama ya fimbo, au ya mkokoteni. Nilijiambia ngoja kidogo nihakikishe. Nikawaza siku zilizobaki, na zege lililokwisha kuchanganywa, na Tarehe.

Nikapiga kelele. Sauti ilitoka mbaya, kama ya mnyama.

Walipanda ngazi wakikanyagana. Mume wangu alikuwa wa pili kutoka. Tukasimama wote kwenye mvua, tukitazama lile shimo tupu, tukasubiri. Tukasubiri sana. Hakikuanguka kitu. Mbao hazikulia hata kidogo. Zege likaanza kugandia kwenye karai. Mwisho Tarehe akashuka mwenyewe, akagonga kila mrunda, akakwangua ule mstari kwa kijiti. Alama tu ya kamba iliyoburutwa na mbuzi wa mtu, akasema. Mchana mzima umepotea. Hakunigombeza, alitaja tarehe tu, kwa sauti ya chini.

Mrefu akaanza kuniigiza, mikono kichwani, mlio ule ule. Wote wakaangua kicheko, mpaka uso ukanichoma.

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni kwake, hapo hapo ambapo kipande chake hakijamwagwa zege, na kwa mwendo huu huenda kisimwagwe kabla Juni haijaisha. Nilimwendea kumwomba msamaha. Akanifunga vizuri kifungo cha kizibao. Akasema, "Ukiona tena, piga. Mashine nitaibeba."

Kesho nikiona uzi nitapiga kelele. Keshokutwa pia. Sasa hivi wako barazani, Mrefu anarudia mlio wangu kwa mara ya kumi, na mume wangu anacheka mpaka anajishika mbavu. Waache wacheke. Wanacheka wakiwa juu.